Mgonjwa asidaiwe siku anayoumwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili niseme jambo moja kuhusu gharama za matibabu. Kwa miaka 19 nilikuwa karani wa mapato katika hospitali moja ya wilaya huku kusini, nikipokea fedha za wagonjwa dirishani, na jambo ninalotaka kulisema nililiona pale kila mwaka, ingawa sijalisikia likipewa uzito na wanaojadili bima ya afya kwenye kumbi za mikutano. Nimestaafu sasa, silindi kiti cha mtu, wala sina ugomvi na yeyote niliyefanya naye kazi.

Mjadala wetu umekaa mno kwenye kiasi: kipimo ni shilingi ngapi, kadi ya bima ni shilingi ngapi, mwananchi wa kawaida anamudu ngapi. Ni maswali ya haki, na nitayagusa. Hata hivyo, aliyekaa dirishani anajua kwamba swali linalomtoa mgonjwa hospitalini bila kutibiwa mara nyingi ni "lini" kuliko "ngapi". Mkulima ambaye mwezi Agosti angetoa shilingi 30,000 bila kuuliza mara mbili, Februari hana 3,000 ya kupima damu. Na maradhi, kwa bahati mbaya, hayasubiri Agosti.

Kabla ya malipo kuhamia kwenye kompyuta, tulikuwa tukikata stakabadhi kwa mkono, kwenye vitabu vya karatasi ya kaboni. Kila mwisho wa mwezi nilivifunga vishina vyake kwa kamba ya katani na kuvipanga kabatini kwa ajili ya wakaguzi. Baada ya miaka michache nikagundua kwamba naweza kuutambua mwezi kwa kulishika tu furushi, bila kusoma tarehe. La Julai, la Agosti na la Septemba yalikuwa manene, kwa kuwa mahindi yameshauzwa, kahawa iko kwenye mizani na fedha zimo mifukoni. La Januari, la Februari na la Machi yalikuwa membamba kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Mtu asiyeijua wilaya yetu angedhani watu wake huumwa kiangazi na kupona mvua zinapoanza. Lakini daftari la wagonjwa wa nje, lile ambalo watumishi wa afya wanaliita kitabu cha 5 cha MTUHA, lilisema kinyume kabisa. Miezi ya mvua ndiyo miezi ya mbu na malaria, ya kuhara, ya vichomi vya watoto. Na ndiyo hiyo hiyo ambayo ghala limebaki vumbi huku mahindi mapya yakiwa bado shambani yanatoa mbelewele. Vitabu vilikuwa viwili, vya hospitali moja: kimoja kikisema watu wanaumwa, kingine kikisema watu hawalipi.

Walioko katikati ya vitabu hivyo viwili ndio ninaowaandikia. Mgonjwa alilipia kadi, akamwona tabibu, akaandikiwa kipimo, kisha akaja dirishani na karatasi yake, akaisukuma kwenye upenyo ulio chini ya nondo na kuniuliza ni shilingi ngapi. Namtajia. Ananyamaza kidogo. Anaivuta karatasi taratibu, anaikunja mara nne, anaifunga kwenye pindo la kanga na kusema, "Haya baba, narudi." Katika miaka yote ile sikumbuki mtu aliyenitamkia neno "sina". Wote walisema "narudi". Baadhi walirudi kweli baada ya siku mbili tatu, wameshauza kuku au kukopa kwa shemeji. Baadhi nikawaona wakirudishwa kwa machela. Na wengi sikuwaona tena, nadhani waliishia duka la dawa, wakanunua nusu dozi ya kile walichokumbuka kuandikiwa safari iliyopita.

Namkumbuka mama mmoja aliyekuja Februari na mtoto wa kiume wa miaka sita. Angekuwa na minne angetibiwa bure, maana watoto walio chini ya miaka mitano wamesamehewa kuchangia. Mama aliinamia dirisha na kuniambia kwa sauti ya chini, "Baba, niandikie minne." Sikumwandikia. Nilimwelekeza kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye siku ile hakuwapo, na hata angekuwapo angemtaka alete barua ya mtendaji wa kijiji, yaani arudi nyumbani umbali wa nauli mbili kwenda kutafuta muhuri. Akasema atarudi, na jioni akarudi, akalipa shilingi 18,000, mtoto akalazwa. Nilifurahi, nikaamini mambo yamekwisha. Miezi kadhaa baadaye tulikutana sokoni, akanieleza kwamba zile fedha zilikuwa za magoma. Wasomaji wa mijini huenda hawalijui neno hilo: ni kumuuzia mtu kahawa yako ingali mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu una shida leo. Wenzetu wa Kagera wanaita butura, na kwenye korosho huitwa kangomba. Viongozi wetu wamepiga vita biashara hiyo kwa miaka mingi, wamekamata wanunuzi na kuwahutubia wakulima juu ya uvivu na tamaa. Sijasikia wakiuliza ni magunia mangapi ya magoma yaliyoanzia kwenye dirisha la hospitali. Mama yule alimpa mkopeshaji wake gunia zima msimu ulipofika. Kwenye vitabu vyangu matibabu ya mwanawe yanaonekana kuwa ya shilingi 18,000, na mkaguzi yeyote angeyapitisha.

Sasa nijitaje na mimi, maana si haki kuwasema wengine tu. Mwanangu alivunjika mkono Februari ya mwaka mwingine. Nilimpeleka hospitali ile ile, nikapita mbele ya dirisha langu mwenyewe, nikaonyesha kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, akapigwa picha na kufungwa bandeji gumu bila mimi kutoa hata senti. Mshahara wangu haukuwa mkubwa. Wapo wakulima wa kahawa waliokuwa wakinizidi kipato kwa mwaka. Tofauti ni kwamba asilimia 3 ya mshahara wangu ilikuwa ikikatwa kabla sijaushika, na mwajiri, ambaye ni Serikali, alikuwa akiongeza asilimia 3 nyingine. Nililipia mkono wa mwanangu kidogo kidogo, miezi nisiyoumwa, na kuna mtu aliyenisaidia kulipa. Ndiyo maana sikuwahi kusema "narudi". Ninachoiomba Serikali iwafanyie wakulima, wavuvi, wafugaji na mama lishe ni kile kile ilichonifanyia mimi.

Vijana wengi hawajui kwamba dirisha lile halikuwapo tangu uhuru. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 matibabu katika vituo vya umma yalikuwa bure, na mwaka 1977 hospitali binafsi za kibiashara zilipigwa marufuku hadi ziliporuhusiwa tena mwaka 1991. Uchangiaji ulianza mwaka 1993, kwenye hospitali kwanza. Siusifu sana wakati wa kabla ya hapo, kwa kuwa nilikuwa kijana miaka ya 1980 na nakumbuka zahanati ambazo kilichokuwa bure ni kukaa kwenye benchi, rafu zikiwa tupu na mganga akikushauri ukatafute dawa kwa Mhindi mjini. Uchangiaji ulikuwa na sababu zake. Ulikuja na misamaha pia: watoto wadogo, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na wanaoishi na VVU. Kosa lake, kwa jicho la karani, ni kwamba uliweka mlango wa kulipia mahali pabaya kuliko pote, yaani mbele ya mtu ambaye tayari anaumwa.

Kosa hilo lilijulikana mapema. Ndiyo maana mwaka 1996 ulijaribiwa Igunga Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao sisi tuliuita CHF tu, na mwaka 2001 ukawekewa sheria. Kaya ilichangia mara moja kwa mwaka, na kwa kila shilingi iliyochangwa Serikali iliahidi kuongeza nyingine. Mpango huo uliitwa "tele kwa tele", jina ambalo hadi leo napenda kulitamka. Wazo lilikuwa zuri mno. Lililouchosha mfuko ule, nilivyoona mimi, ni vitu viwili. Kwanza, wahamasishaji walipita vijijini pale bajeti ya posho ilipofika, na bajeti hiyo haikufuata kalenda ya shamba, kwa hiyo watu waliombwa kuchangia Machi. Pili, waliochangia walikuja na kadi, wakaonwa, wakaambiwa dawa zimekwisha, wakanunue nje. Mwaka wa pili hawakuchangia. Mtaani wakaibatiza "kadi ya panadol", na jina la namna hiyo likishashika halifutiki kwa semina. CHF iliyoboreshwa iliyofuata, ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilirekebisha mengi, hasa kwa kumruhusu mwanachama kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Sifa mbaya ya ile ya kwanza, hata hivyo, ilibaki ikiifuata.

Wapo wanaosema Serikali ingejitoa tu, kampuni na hospitali zishindane, bei zitashuka zenyewe. Nawaomba watazame yaliyotokea kwa Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka na mtoto akatibiwa. Wazazi wengi, kwa akili ya kawaida kabisa ya mzazi mwenye fedha kidogo, walimsajili yule mtoto mwenye selimundu au moyo na kumwacha nduguye mzima. Mfuko ukawa unatoa kuliko unavyopokea, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, watoto wakaelekezwa kusajiliwa kupitia shule zao. Sikuwalaumu wazazi, na kusema kweli sikuulaumu sana mfuko. Bima ambayo kila mtu anaingia akishaumwa haiwezi kusimama, na bima ya kibiashara ikitaka kusimama itafanya jambo moja tu la busara kwake: itawachagua wazima na kuwakwepa wagonjwa, itafungua ofisi Dar es Salaam, Mwanza na Arusha na kutufahamisha sisi wa vijijini kwamba tunaweza kupiga simu. Wa kuwaweka wazima na wagonjwa, wenye mishahara na wenye majembe katika kapu moja ni mwenye mamlaka ya kutunga sheria, na huyo ni mmoja.

Sheria hiyo tunayo. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulifika bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 2022, wakati ambapo takriban asilimia 15 tu ya Watanzania walikuwa na bima ya aina yoyote, ukaahirishwa baada ya maswali kuwa mengi, na ukapitishwa mwaka 2023. Katika mjadala ule wa kwanza kiwango kilichozungumzwa sana ni shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita. Watu walipiga kelele, na walikuwa sahihi. Yalikuwapo pia mapendekezo ya kufungamanisha bima na huduma nyingine za umma kama leseni ya udereva, jambo lililonichekesha, kwa sababu mama wa magoma hajawahi kuomba leseni ya kuendesha hata baiskeli. Lakini hata kiwango kikishushwa mpaka mahali ambapo kila mchumi atatikisa kichwa kwa kuridhika, kikidaiwa kwa mkupuo mwezi ambao hakuna fedha, dirisha litakuwa limehamishwa tu kutoka hospitalini kwenda ofisi ya bima.

Majirani zetu wa Kenya wameshaligundua hilo kwa taabu. Walipoanza Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024, wenye mishahara walikatwa asilimia 2.75 kila mwezi bila matata, lakini wasio na ajira rasmi walitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mara moja. Wengi hawakuweza, na mwaka uliofuata Serikali yao ikaja na utaratibu wa kukopeshwa mchango huo na kuurejesha polepole, wakauita Lipa SHA Pole Pole. Sijui kama mkopo ni jibu zuri kwa mtu maskini, lakini angalau wamekiri kwamba tatizo ni wakati. Rwanda, iliyoisambaza bima yake ya jamii nchi nzima miaka ya 2000, ilipanga michango kulingana na hali ya kaya na Serikali ikawalipia walio chini kabisa. Zaidi ya watu 8 kati ya 10 wakaingia. Uganda ilichukua njia nyingine, ikafuta ada katika vituo vya umma Machi 2001. Wagonjwa walijaa, ishara ya wazi kwamba ada ndiyo iliyokuwa ikiwazuia, lakini dawa hazikuongezeka kwa kasi ya wagonjwa na wengi wakaendelea kuzinunua nje. Dirisha likiondolewa na rafu ikaachwa tupu, wenye maduka ya dawa ndio wanaoshukuru.

Kuna anayeuliza kama Serikali yetu inaweza. Ikiamua, inaweza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya kina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukapata 104. Katika miaka ile vilijengwa vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji kwenye kata ambazo zamani mjamzito aliyekwama alibebwa kwa baiskeli, na huduma ya kujifungua ilikuwa imeondolewa ada. Hata hapo sitaficha nilichokiona. Huduma ni bure, lakini mjamzito anaambiwa aje na begi, na ndani ya begi kuwe na glavu, pamba, wembe, kibana kitovu, mpira wa kutandika na beseni. Ukijumlisha bei ya dukani utapata kiasi ambacho wengine hukikusanya miezi mitatu, na niliwahi kumwona muuguzi akitumia glavu alizonunua kwa fedha yake kwa sababu mwenye begi pungufu alikuwa ameshaanza kusukuma.

Basi ninachopendekeza ni hiki. Mazao makuu ya nchi hii yanauzwa kwa utaratibu unaojulikana: korosho, ufuta na kahawa hupita kwenye vyama vya msingi vya ushirika, kwenye maghala na minada, na malipo hupita benki. Halmashauri zinajua vizuri kusimama kwenye mizani, kwa kuwa ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara, hukusanywa hapo hapo siku fedha zinapopatikana, na sijasikia halmashauri ikienda kudai ushuru wa kahawa Februari. Kwa nini mchango wa bima usifuate njia hiyo hiyo, mara moja kwa mwaka, mkulima akiwa na fedha mkononi, na kadi yake ikawa hai kabla hajatoka ghalani? Mfugaji auze ng'ombe mnadani na achangie mnadani. Bodaboda na mama lishe kalenda yao ni ya kila siku, hao waruhusiwe kuchangia kwa simu mia tano mia tano bila kadi kuzimwa wiki moja ikiteleza.

Najua nitakachojibiwa na wakulima, kwa kuwa na mimi sasa ni mmoja wao: makato yamezidi. Ni kweli. Kwenye karatasi ya malipo ya mkulima kuna makato ambayo hata katibu wa chama hawezi kuyaeleza yote. Ndiyo sababu sisemi liongezwe kato jingine juu ya yaliyopo. Serikali ianze kwa kuyapunguza yale yasiyo na maelezo, na kwa kila mchango wa mkulima irudishe ile tele kwa tele, safari hii ikiwa imeandikwa kwenye stakabadhi, ili mtu aone kwa macho yake kwamba ametoa kiasi fulani na Serikali imetoa kiasi fulani. Mwajiri wangu alinichangia. Mkulima wa kahawa, anayeliletea taifa fedha za kigeni, hana mwajiri wa kumchangia, na sioni ni nani mwingine wa kusimama mahali hapo.

Wasio na cha kuuza wasiulizwe kitu. Sheria imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo na kutaja vyanzo kama ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi na kodi ya michezo ya kubahatisha. Fedha hizo zifike huko kweli, zisipotelee kwenye kapu kuu. Orodha za kaya maskini zipo TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ingawa kila mwenyekiti wa kijiji anaweza kukutajia bibi aliyesahauliwa na mjomba wa mtu aliyeingizwa. Msamaha utolewe kijijini, mapema, kabla mtu hajaumwa, na uonekane kwenye kadi kama kadi nyingine zote, ili mgonjwa asilazimike kujieleza umaskini wake mbele ya foleni. Na anayefika kwa dharura, awe na kadi au hana, ahudumiwe kwanza. Viongozi wamekataza zaidi ya mara moja kuzuia maiti kwa sababu ya deni. Agizo hilo lingekuwa na maana zaidi kama lingeanzia kwa mtu angali hai.

Juu ya dawa sina jipya la kusema, isipokuwa kwamba Bohari ya Dawa hailipwi na maneno, na kituo kinachodaiwa nayo hupata pungufu ya kilichoagiza. Mwanachama akikuta rafu tupu mara mbili, mpango wote huu umekufa katika kijiji kile.

Nimalizie na fedha, kwa kuwa nilikuwa mtu wa fedha. Mwaka 2001 nchi za Afrika, yetu ikiwamo, ziliahidi pale Abuja kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Hatujafika. Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa na wafadhili, mpaka Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake kwa tamko la siku moja na kliniki za VVU zikaanza kuulizana dawa zitatoka wapi. Katiba yetu, katika Ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa maradhi, lakini Ibara ya 7 inasema malengo hayo hayawezi kudaiwa mahakamani. Wakenya waliiandika haki ya afya katika Ibara ya 43 ya Katiba yao ya mwaka 2010 na wanaishtaki Serikali yao wakitaka. Sisi tumebaki na Bunge.

Kwa hiyo namwomba mbunge yeyote atakayeisoma barua hii afanye jambo dogo kabla ya kikao cha bajeti. Aende kwenye hospitali ya wilaya yake, aombe takwimu za wagonjwa wa nje za mwezi mmoja mmoja kwa mwaka mzima, kisha aombe za makusanyo ya dirishani kwa miezi hiyo hiyo. Siku hizi kompyuta inazitoa zote mbili kwa dakika chache. Aziweke mezani sambamba, aangalie Februari, na amuulize aliyeko dirishani ni wangapi waliomwambia wiki hiyo kwamba wanarudi.

Wako,
Karani wa mapato mstaafu,
Songea